Mche Namba Kumi na Saba

Kuna mche mmoja ambao kwa mujibu wa kanuni za mtihani uko hai mpaka leo, ingawa ulikauka zamani ukawa kijiti. Mimi ndiye niliyeupanda. Lakini siwezi kueleza habari zake bila kuanza na Mama Viriba, maana mche ulikuwa wake kabla haujawa aibu yangu.

Jina hilo alilipata kitaluni, katika chuo chetu cha kilimo, ambako alifanya kibarua kwa miaka kumi na mmoja akijaza udongo kwenye viriba, ile mifuko myeusi ya plastiki ambayo mche hukulia ndani yake mpaka siku ya kupandwa. Alikaa juu ya debe lililopinduliwa, aproni ya turubai kiunoni, na kwa siku alijaza viriba mia nne bila kuinua kichwa. Walimu walipoleta wanafunzi kwa somo la vitendo walisema, "Mama atawaonyesha," kisha wao wakaenda kivulini kupokea simu. Naye akawaonyesha. Alifundisha hivyo watu wa diploma miaka nenda miaka rudi, na mmoja wao alirudi chuoni akiwa bosi wake. Siku yake ya kwanza kazini bosi huyo alimwelekeza Mama Viriba namna ya kushika koleo.

Jioni hiyo alirudi nyumbani akamwambia mumewe, ambaye ni fundi baiskeli, "Mimi narudi shule."

Mume alikuwa ameshika gurudumu, analinyoosha spoki. Akalizungusha kidogo, akaliangalia kama limenyooka. "Nani atapika?"

"Wewe."

Mume akaendelea na gurudumu. Mama Viriba alinisimulia kwamba huo ndio ulikuwa mjadala wote wa elimu katika nyumba yao, na kwamba wali wa kwanza wa mumewe waliula kwa sababu ya mapenzi. Binti yao wa sekondari ndiye aliyekuwa akimsikiliza masomo jikoni, daftari mkono mmoja na mwiko mkono wa pili. Akikosea jibu, binti alikuwa akisema, "Mama, usitutie aibu ukoo mzima," na wote watatu wanacheka.

Basi akaingia darasani mwetu akiwa na miaka arobaini na mitatu. Tulimchagua kiongozi wa darasa kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwa akiwahi. Mimi nilikuwa rais wa wanafunzi wa chuo kizima, kijana wa suti moja na maneno mengi, na nilimpenda kama mnavyompenda mtu anayewafanyia kazi zenu. Mtihani wa kitalu tuliufanya kwa zamu, na mimi niliufanya muhula uliotangulia, nikapata A. Miche yangu alikuwa akiimwagilia yeye, nilipokuwa kwenye vikao.

Mtihani wenyewe ni huu. Mwanafunzi anaotesha miche sitini na minne, inapandwa shambani, na siku ya tisini mtahini anakuja kuihesabu. Akikuta hai sitini, umefaulu. Akikuta hamsini na tisa, unarudia mwaka. Kwa sisi vijana kurudia mwaka ni fedheha ya wiki mbili. Kwa Mama Viriba lilikuwa jambo jingine, kwa sababu msimamizi wa kitalu, mzee aliyeshika nafasi baada ya yule bosi wa koleo kuhamishwa, alikuwa anastaafu mwisho wa mwaka ule, na mkuu wa chuo alikwishamwambia waziwazi: akiwa na cheti nafasi ni yake, akiwa hana anapewa mwingine. Huyo mwingine alikwishaanza kuja kuangalia ofisi.

Miche yake ilipofika kimo cha kupandwa, ikaja barua ya Kongamano la Uongozi la Wanafunzi wa Vyuo vya Kilimo. Siku mbili, katika chuo kikubwa cha mji mwingine, mwendo wa saa tatu. Kaulimbiu ilikuwa "Uongozi Wenye Mizizi". Kila chuo kilete viongozi wawili, na chuo chetu, kwa kuwa kitalu chake kinasifika, kilete na miche ya kupandwa kwa heshima ya tukio. Wajumbe watakuwa sitini na watatu, mgeni rasmi mmoja. Mkuu wa chuo akaenda kitaluni, akaona miche iliyo tayari ni ya Mama Viriba tu, sitini na minne. Alifurahi utadhani hesabu hiyo ameitunga yeye. Akampigia simu mtahini, wakakubaliana kwamba miche ipandwe kule na ihesabiwe kulekule.

"Watapanda akina nani?" akauliza Mama Viriba.

"Wanafunzi wa kilimo," akasema mkuu.

"Basi sawa."

Mimi nilichaguliwa kwenda kwa cheo changu. Yeye alichaguliwa kwa sababu miche ilihitaji mtu wa kuishika njiani. Katika pikapu ya chuo nilikaa mbele na suti yangu, yeye akakaa nyuma katikati ya miche, na kila tulipopita tuta nilimsikia kupitia dirisha akiiambia miche pole.

Mapokezini palikuwa na meza ndefu, na nyuma yake dada mmoja mwenye orodha. Alimtazama Mama Viriba, viatu vyake vyenye udongo, akamwambia kwa adabu kabisa, "Mama, upishi ni mlango wa nyuma."

"Chakula ni saa ngapi?"

"Saa saba."

"Basi nitakuja saa saba. Kwa sasa naomba kitambulisho changu."

Tukapewa vitambulisho vya kuning'iniza shingoni. Mimi namba kumi na saba, yeye kumi na nane. Tukapewa pia mfuko wenye daftari, kalamu, na chupa ya maji iliyoandikwa kaulimbiu.

Siku ya kwanza tulikuwa na mwezeshaji mwenye kipaza sauti kilichobandikwa shavuni. Alitutaka tusimame wawili wawili, mmoja ajiangushe kinyumenyume na mwenzake amdake, ili tujifunze kuaminiana. Mama Viriba alisema ana mgongo, lakini akanidaka mimi. Mikono yake ilikuwa migumu kama mpini. Baadaye tukagawanywa kwenye makundi, karatasi kubwa ukutani, tujadili changamoto za mkulima mdogo. Kijana mmoja mwenye miwani alieleza kwa kirefu kwamba tatizo la mkulima mdogo ni kukosa mtazamo. Mama Viriba ana robo eka ya mahindi na maharage nyuma ya nyumba. Akanyoosha mkono.

"Huo mtazamo unapandwa kwa nafasi gani, mche hadi mche?"

Mwezeshaji akacheka, akasema swali ni zuri, akaliandika kwenye karatasi maalumu pembeni iliyoitwa Maegesho ya Maswali, ambako maswali mazuri husubiri kujibiwa. Mpaka jioni karatasi hiyo ilikuwa na maswali tisa, yote ya namba kumi na nane. Siku ya kufunga niliona mtu akiikunja karatasi hiyo pamoja na mabango mengine na kuipeleka stoo.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Alasiri ya siku ya pili ulikuwa uchaguzi wa mwenyekiti wa umoja wa wanafunzi wa vyuo vyote vya kilimo, na mimi nilikuwa mgombea. Nilikuwa nimepiga debe koridoni tangu tulipofika, nikishikana mikono na watu ambao majina yao niliyasoma vifuani. Kwa kuwa nilijulikana kwa sauti, kamati ilinipa kazi ya kutoa neno la shukrani kwa mgeni rasmi baada ya kupanda miti. Sikulala vizuri kwa furaha.

Mashimo yalichimbwa mapema na vibarua wa chuo kile, kwenye uwanja ulioteremka nyuma ya ukumbi, mistari minane, kila shimo na kigingi chenye namba ya mjumbe. Shimo la mgeni rasmi lilikuwa mbele peke yake, likiwa na zulia mpaka ukingoni na bango lililokwishaandikwa jina. Alifika saa nne, mtu mkubwa, mpole, kasuti kazuri ka kijivu. Mwenyekiti wa kamati ya maandalizi, mwenye shahada, akamkabidhi mche. Mpiga picha akasema, "Mheshimiwa, huku kidogo." Mheshimiwa akageukia huku kidogo, akauteremsha mche shimoni pamoja na kiriba chake, akatia udongo koleo tatu, akaumwagilia kwa ndoo iliyofungwa utepe. Tukapiga makofi.

Kwa asiyejua nieleze. Mche ukiuzika ndani ya plastiki, mizizi haipiti. Inazunguka humo humo kama mtu aliyefungiwa chumbani. Mvua zikiwepo utaonekana mzima kwa muda, mvua zikikatika unakufa. Jambo hili linafundishwa wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza. Liko ukurasa wa nne.

"Na sasa wajumbe wote," akasema mshereheshaji, "tupande kama alivyopanda mgeni wetu!"

Na wajumbe, wanafunzi wa kilimo kutoka vyuo vyote, viongozi wa wenzao, wakapanda kama alivyopanda mgeni wao. Hakuna aliyetoa kiriba. Penye miti hapana wajenzi, walisema wahenga, na wao hawakuwahi hata kuhudhuria kongamano.

Mimi nilianza kukichana changu. Hilo naomba lijulikane. Kidole kilikwishaingia kwenye plastiki, ndipo nikaona kivuli, nikainua macho, mgeni rasmi amesimama juu yangu na mpiga picha wake. "Vizuri, kijana," akasema. "Weka taratibu, usiuvuruge." Nikauweka taratibu. Sikuuvuruga. Niliogopa tu, sina sababu nyingine ya kuipamba.

Shimo lililofuata lilikuwa la Mama Viriba. Alichana kiriba kwa ukucha, akakivua kama unavyomvua mtoto soksi, akakikunja akakitia mfukoni. Binti wa namba kumi na tisa, mwaka wa tatu, akamwonea huruma. "Mama, umeshaharibu mfuko. Omba mwingine."

Mama Viriba akamnyooshea mkono mshereheshaji. "Maswali mwishoni, mama," akajibiwa. Akasubiri. Mwishoni mshereheshaji akatangaza kwamba muda wa maswali umekwisha, tumsikilize mjumbe namba kumi na saba kwa neno la shukrani.

Nilipokuwa napita kwenda mbele alinishika kiwiko. "Mwanangu, wewe umepewa kipaza sauti. Sema tu, tutoe viriba kwanza. Maneno matatu. Ni mtihani wangu huu."

"Sawa, mama," nikamwambia.

Nikashika kipaza sauti. Mbele yangu walikuwa wapiga kura sitini na wawili, kando yangu mtu mzito ambaye angekaa meza kuu alasiri, na karibu na mguu wake ule mche, kiriba kimechungulia kidogo juu ya udongo. Mdomo ukawa mzito. Ulipofunguka ukasema, "Mheshimiwa mgeni rasmi, tumejifunza mengi kwa jinsi ulivyopanda."

Makofi yalikuwa makubwa. Nilipotazama, Mama Viriba hakuwa amekasirika. Alikuwa ananiangalia kwa makini, kama anavyoangalia jani lenye doa asilolifahamu bado.

Saa saba alikwenda kula kupitia mlango wa nyuma, akatoka huko na kisu cha jikoni alichoazima kwa wapishi. Kwenye ratiba kilichofuata ni mada iitwayo "Ujasiri wa Kusema Ukweli Mbele ya Wakubwa", kisha hotuba za wagombea, kisha kura, na saa kumi magari yaondoke. Alinikuta mlangoni mwa ukumbi nikirekebisha tai.

"Naenda kuvitoa," akasema. "Nikienda mbio nitavimaliza. Wako ulitoa kiriba?"

Hapo palikuwa pahali pepesi kabisa pa kusema kweli. Hapakuwa na mheshimiwa, hapakuwa na kamera, alikuwa yeye na mimi na kisu cha vitunguu.

"Nilitoa, mama," nikasema. "Wangu nilitoa."

"Najua," akasema. "Wewe nilikufundisha mwenyewe." Akaenda.

Ukumbi ule una madirisha makubwa upande wa uwanja. Mwezeshaji alitueleza kwamba ujasiri una hatua tano. Wakati akieleza ya pili, nilimwona Mama Viriba amepiga magoti kwenye mstari wa kwanza. Anachimbua, anainua mche, anauchana ubavuni, anavua, anaurudisha, anashindilia kwa ngumi, anasogea. Dakika mbili kwa mche, mara nyingine pungufu. Hakuna aliyekuwa akitazama nje isipokuwa mimi. Walikuwa wanaandika hatua ya tatu.

Zamu yangu ya kuhutubia ilipofika alikuwa mstari wa tatu, ulipo mche wangu. Nilikuwa nasema, "Ndugu wajumbe, kiongozi ni mtu wa vitendo," nikamwona amefika kwenye kigingi namba kumi na saba. Alikisoma. Akaupapasa kidogo udongo wake, ukaonekana sawa, akaruka akaenda namba kumi na tisa. Niliyumba sentensi moja hivi. Baadaye watu waliniambia pale nilipositasita ndipo walipoona kwamba nasema kutoka moyoni.

Nilishinda kwa kura arobaini na moja.

Alimaliza saa kumi kasoro dakika tano. Ulibaki mmoja tu, wa mgeni rasmi, ambao ulikuwa umewekewa uzio na mlinzi. Mlinzi alikuwa mtu mzima mwenzake, wakazungumza vizuri. "Mama, mimi nakuelewa," akasema, "lakini nimeambiwa mti huu usiguswe."

"Utakufa."

"Ufe tu, mama, ila usiguswe."

Akarudi kwenye pikapu na magoti mekundu kwa udongo, mkononi viriba sitini na kimoja vimefungwa kwa ukambaa wa nyasi, maana alivichana kwenye mshono na vingeweza kutumika tena kwa miche midogo. Akanipa mkono. "Hongera, mwenyekiti." Dereva alimlazimisha akae mbele, nami nikakaa katikati yao. Saa tatu za njia nilikuwa na nafasi ya kusema, "Mama, turudi, kuna mmoja umebaki." Kila mji tuliopita nilijiambia nitasema kwenye ule unaofuata. Nilijikaza kisabuni mpaka nyumbani.

Mwaka ule mvua zilikatika mapema.

Siku ya tisini tulikwenda tena na pikapu ileile: mtahini, Mama Viriba, na mimi kwa wadhifa wangu wa mwenyekiti wa umoja, kwa kuwa mkuu wa chuo alitaka picha. Mtahini ni mzee mfupi mwenye mwavuli, na mkononi ana kile kidude cha kubonyeza kinachohesabu. Alipita mstari kwa mstari, kidude kikilia. Mama Viriba alimfuata hatua tatu nyuma, mikono mgongoni. Miche ilikuwa imeshika vizuri, majani mabichi katika ardhi iliyopasuka. Nilikuwa natazama mstari wa tatu tu. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imeishia kwenye kile kigingi.

"Hamsini na tisa," akasema mtahini.

Mama Viriba alivua kilemba chake, akakikung'uta, akakifunga tena.

Kanuni inamtaka mtahini ang'oe iliyokufa na kuandika sababu. Miwili iliangushwa na mchwa, akaandika mchwa. Mmoja ulipitiwa na mashine ya kukata nyasi, akaandika mashine. Akafika kwenye ule wa mgeni rasmi, umekauka ndani ya uzio uliopakwa rangi mpya, na mlinzi yuleyule akiendelea kuumwagilia kila asubuhi kama alivyoagizwa. Mtahini alisoma bango. Alisoma tena. Akaandika, "Sababu haijulikani," akasogea.

Mche namba kumi na saba ulitoka ardhini mzimamzima, na kiriba chake, kimepasuka kidogo pale kidole changu kilipoanza kazi. Ndani mizizi ilikuwa imejisokota ikajikaba. Mtahini akaugeuza mkononi.

"Namba kumi na saba ni nani?"

Mama Viriba anajua namba yangu. Tulivaa vile vitambulisho siku mbili, bega kwa bega. Alitazama kigingi, akatazama kiriba, kisha akatazama mbali, upande wa barabara. Hakunitaja. Nadhani angenitaja ningepumua. Nilitamani ardhi inimeze, nayo kwa ukame ule isingeweza.

Mtahini alifungua kitabu chake cha kanuni. "Kuna kifungu," akasema. "Mche uliokufa kwa kosa la mpandaji asiye mtahiniwa, mpandaji akikiri kwa maandishi, utahesabiwa kuwa hai." Akakifunga. "Miaka ishirini nakisoma, sijawahi kukitumia. Watu hawakiri. Barua yenyewe inabidi nakala iende vyuo vyote, sasa nani atake?"

Vyuo vyote ni umoja wangu mzima. Nilifikiri hivyo, sitaficha. Nilifikiri pia juu ya fundi baiskeli na wali wake wa miaka mitatu, na binti anayeshika daftari na mwiko, na yule mwingine aliyekwishapima dirisha la ofisi kwa ajili ya pazia.

"Ni mimi," nikasema.

"Kwa maandishi," akasema mtahini.

Niliandikia juu ya boneti ya pikapu, ya moto kwa jua, kwenye daftari la kongamano lenye kaulimbiu kila ukurasa. Niliandika kwamba mimi, mwenyekiti wa umoja, mwenye A ya kitalu, nilipanda mche na kiriba chake hali najua. Kwamba niliombwa kusema nikiwa na kipaza sauti mkononi, sikusema. Kwamba aliyeiotesha miche aliniuliza peke yangu kama nilitoa, nami nikamdanganya, na kwa kuwa aliniamini hakuuchimbua. Nikatia sahihi. Mama Viriba aliichukua, akaisoma polepole mpaka mwisho, midomo ikichezacheza.

"Andika na tarehe," akasema.

Nikaandika tarehe. Mtahini akabonyeza kidude chake mara moja. Sitini.

Kurudi nilipanda nyuma kwa hiari yangu, kulikokuwa na majembe. Tulipofika chuoni aliniteremshia mlango wa nyuma wa pikapu, akasimama hapo kidogo. "Ungeniambia siku ileile," akasema, "ningeutoa kwa dakika mbili." Hakuwahi kunisema zaidi ya hapo, na mpaka leo sijapata mtu aliyenichapa vizuri kuliko hivyo.

Umoja ulikaa kikao, ukanishukuru kwa uwazi wangu, ukachagua mwenyekiti mwingine. Mama Viriba alipata cheti, akapata ofisi, na dirisha lake halina pazia kwa sababu anataka kuona kitalu. Mwaka wa kwanza wakija somo la kwanza, anampa kila mmoja mche na kuwasomea barua yangu kabla hawajagusa koleo. Nasikia jina langu halisomi. Anasema tu namba kumi na saba, na tarehe anaisoma.

Mwaka juzi nilijenga kanyumba, vyumba viwili na uwanja kidogo mbele, nikamwalika yeye na mumewe waje kuona. Nilimwomba aniletee mche mmoja wa kivuli. Walikuja Jumamosi asubuhi. Fundi baiskeli alikuwa na mfuko wa machungwa. Mama Viriba alikuwa amebeba mche kwa mikono yote miwili, hauna kiriba, bonge la udongo limekumbatiwa kwa viganja vitupu, na alikuwa ameubeba hivyo kutoka kituoni, kilomita nzima, udongo umemchuruzikia gauni.

"Mama," nikamwambia, "si ungeuleta na kiriba chake? Usingekusumbua njiani."

"Najua," akasema. "Shimo liko wapi?"